Beji Kwenye Msumari

Khasandi binti yangu,

Kuna kitu kigumu kwenye kona ya bahasha hii. Kiache humo humo mpaka umalize kusoma. Nakujua wewe, tangu utotoni ukipewa kitu kilichofungwa unaanza kwa kukitikisa.

Wageni wameondoka wote. Mama mchungaji ndiye aliyekuwa wa mwisho, na hata akiwa mlangoni na mwavuli mkononi aliongeza sala fupi ya dakika ishirini. Sasa umelala. Sanduku lako limefungwa kwa kamba ya katani kwa sababu kufuli limekataa, na mambo ya sweta, pasipoti na baridi ya Uingereza tumeyasema mpaka yamechuja. Siandiki hayo. Usishangae mwandiko pia. Vidole vyangu unavijua. Nimesimama mara tatu nikitaka kukuamsha nikuambie kwa mdomo, na mara tatu nimerudi kukaa. Mdomo huu umekuwa mwoga kwa miaka minane, sioni kwa nini niuamini leo.

Jumapili iliyopita ulinieleza kile unachokwenda kusoma. Ulichukua boga lililokuwa jikoni ukaliweka katikati ya meza.

"Hii ni nyota, Baba. Kubwa kuliko jua mara nyingi. Na hapa kando yake kuna kitu."

"Sioni kitu."

"Ndiyo hiyo sasa! Hakuna mtu anakionanga. Kilikuwa nyota pia, lakini kilijiangukia chenyewe ndani kwa ndani, mpaka hata mwanga ukiingia hautoki. Wanakiita shimo jeusi."

Ukalizungusha boga polepole kuizunguka nafasi tupu ya meza, ukasema watu walioitazama nyota ile waliiona inayumba, kama mtu anayechezeshwa ngoma na mwenzake aliye gizani. Ukasema kitu kile kinaila nyota. Hakiirukii kama chui. Kinaivuta kidogo kidogo, hewa yake ya juu, na ile hewa ikikaribia kumezwa inazunguka na kuchemka mno. Nikakuuliza hao wasomi wako wamekijuaje, kama hakionekani. Ukacheka kwa furaha, maana swali hilo ndilo ulilokuwa ukilingojea.

"Eksirei, Baba! Kazi yako! Ile hewa inatoa eksirei kabla haijapotea. Kikiwa kinakula ndiyo kinajulikana."

Kisha ukaniambia kwamba kimojawapo cha vyombo vilivyosaidia kukitambua kilirushwa kutoka pwani yetu wenyewe, kule Malindi, na kikapewa jina la Uhuru. Ulitaka nifurahi. Mimi nikasema "vizuri sana", nikatoka kwenda kumtazama ng'ombe. Ulidhani nimechoshwa na masomo. Ng'ombe alikuwa mzima, amefungwa vizuri, hakunihitaji hata kidogo. Nilikwenda nyuma ya zizi kulia, na sasa nitakuambia nilikuwa nikililia nini.

Nilipoanza kazi hospitalini nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kichwa kikubwa. Watu wa upande wetu walikuwa hawajaizoea mashine ile ya eksirei. Mtu akivunjika mguu, fundi wa mifupa alipapasa na kukisia; mimi niliingia chumbani, nikabonyeza, nikatoka na mfupa wenyewe kwenye filamu, na ufa wake ukionekana kama ufa wa chungu. Wakaniita Bwana Picha. Wazee walinivulia kofia. Kijana akivuliwa kofia na wazee kila siku, akili huanza kumtoka, na mimi ilinitoka.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, aliweka mkono wake mwenyewe chini ya mashine na kupiga picha ya majaribio, aone kama imeamka vizuri. Mkono ule ulikuwa umekakamaa, kucha zimeingia weusi, nami sikuwahi kuuliza kwa nini. Alipoondoka nikairithi desturi yake kwa miaka sita. Basi sasa ujue: vidole vyangu havikuharibiwa na dawa ya kusafishia filamu, kama nilivyokuambia wewe uliyekuwa ukivipaka samli kila jioni. Ni mashine. Mwezi ujao daktari atakikata cha kati. Nilipanga usikie ukiwa mbali, lakini nikianza kukuficha hili, nitaficha na lile.

Kulikuwa na beji. Kidude kidogo, ukubwa wa kiberiti, chenye kipande cha filamu ndani. Unakivaa kifuani mwezi mzima, nacho kinapokea kila eksirei inayokupata. Mwisho wa mwezi kinatumwa Nairobi, wanakipima, wanakuandikia barua. Barua ya kwanza niliyoipata ilikuwa kali. Ilisema mvaaji amepigwa kupita kiasi, chumba kikaguliwe, na ikibidi kifungwe. Daktari mkuu wa wakati huo akaniita, akanionyesha.

"Bwana Picha, wakifunga hicho chumba watu watabebwa mpaka wapi?"

Hakuniambia nidanganye, na sitamsingizia. Ni mimi niliyetafuta msumari wa inchi tatu nikaupigilia nyuma ya mlango wa chumba cha giza, pale tunaposafishia filamu, ambako ukuta ni mnene. Nikaitundika beji pale. Kila mwisho wa mwezi niliitoa, nikaituma, nikatundika nyingine. Barua zikaanza kurudi nzuri. Kakamega nzima hapakuwa na aliyekuwa na afya njema kuliko msumari ule. Nilimwambia mama yako tukacheka pamoja, tukashika mbavu.

Mama yako Fanisi, unavyojua, alikuwa mfagiaji pale pale. Usichojua ni hiki. Watoto walikuwa shida yangu kubwa. Mtoto mdogo hatulii, na akitikisika picha inakuwa ukungu, na filamu tulizokuwa nazo zilikuwa chache. Mama zao waliiogopa mashine kuliko wao. Siku moja nilikuwa nikihangaika na mtoto mmoja, na Fanisi alikuwa akipiga deki pale mlangoni. Akaweka ndoo chini, akakausha mikono kwenye leso, akampokea yule mtoto na kuanza kumnong'oneza sikioni kwa lugha yetu. Mtoto akanyamaza, akatazama juu kama anayesimuliwa jambo. Nikapiga picha, ikatoka safi. Tangu siku ile, akija mtoto, niliita "Fanisi!" na kutoka mwisho wa wodi nikasikia ndoo ikitua.

Tulikuwa na aproni moja ya madini ya risasi, ya kumkinga anayemshika mgonjwa. Ilikuwa nyeusi, ngumu, nzito, na watoto wakiiona walianza kulia upya. Basi Fanisi akaivua.

"Inawatisha hawa," alisema. "Na mimi inaniumizanga mgongo."

Nikamjibu sawa. Sikusema sawa kwa kutojua, Khasandi. Nilikuwa nimesomea. Nilikwenda kusimama nyuma ya ukuta, kama nilivyofundishwa, nikahesabu moja, mbili, tatu, nikabonyeza. Na mke wangu alikuwa upande ule mwingine na leso yake tu. Tulifanya hivyo kwa miaka tisa.

Baada yako mimba mbili ziliharibika. Kisha ukaja uchovu, ule wa kukaa chini katikati ya kufagia. Kisha alama za buluu mikononi, kama mtu anayefinywa akiwa usingizini. Watu wakaanza kuzitazama alama zile na kujiuliza ni vidole vya nani. Tulimpeleka mpaka hospitali kubwa, na daktari kijana akasoma majibu ya damu, akaweka kalamu mezani. Akaniuliza mke wangu anafanya kazi gani.

"Mfagiaji," nikasema.

"Huwa anaingia chumba cha eksirei?"

Nikamtazama machoni. "Kufagia tu."

Akaandika. Fanisi alikuwa kwenye kiti kando yangu. Akanigeuzia macho, akanitazama muda mrefu. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema neno. Sijui kama alininyamazia kwa kunipenda au kwa kunidharau, na sasa hakuna wa kumuuliza. Pengine asingepona hata kama ningesema ukweli. Damu yake ilikuwa imeharibika sana. Nimejaribu kujituliza kwa hilo, halitulizi.

Sasa nije kwa Senje wako, dada yangu Dorika, ambaye tangu una miaka kumi na miwili hujamtaja jina.

Alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa mume. Hakuzaa, na mume akamrudisha kwetu kama mtu anayerudisha jembe la kuazima. Nikamjengea nyumba ndogo kule chini kwenye migomba. Mama yako alipolala kitandani, ni Dorika aliyemwosha, ni Dorika aliyefua mashuka yenye damu ya ufizi kabla hujaamka ili usiyaone, ni Dorika aliyechemsha supu na kumnywesha kwa kijiko. Unayakumbuka haya. Unayakumbuka, lakini ulifundishwa kuyakumbuka vibaya.

Siku ya tatu baada ya mazishi tulikaa kunyolewa. Ninyi watoto mliwekwa nyuma ya nyumba, kwa hiyo yaliyosemwa pale uliyapata kwa midomo ya watu. Desturi yetu unaijua: kabla wembe haujagusa kichwa, mzee wa ukoo anauliza juu ya kifo. Mzee Lihanda, babu yako mdogo, akasimama na fimbo yake.

"Sisi tunaulizanga mara tatu tu. Kama kuna mtu anajua kitu imekula huyu mama, aseme saa hii. Tukishanyoa, maneno imeisha."

Mara ya kwanza watu walinyamaza. Mara ya pili mke wa binamu yangu akasema, bila kumtazama mtu, "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako." Macho yote yakaelekea migombani. Wakaanza kuunganisha. Mimba mbili zilizoharibika, na nani hapa hana mtoto? Supu kila siku, na nani alikuwa anapika? Zile alama mikononi, na nani alikuwa akimshika kumwosha? Kila kitu alichofanya kwa huruma kiligeuzwa kikawa ushahidi.

Dorika akasimama. Alikuwa amekonda kwa kuuguza, leso yake imefungwa kombo.

"Kama ni supu iliua, mniletee na mimi nikunywe." Kisha akanigeukia. "Ndugu yangu, wewe ulikuwanga na yeye kule kazini kila siku. Sema basi."

Hakujua anachoniomba. Alidhani ananiomba nimtetee tu, kama kaka. Mzee Lihanda akauliza mara ya tatu. Nilikuwa na jibu mdomoni, Khasandi, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikatazama viatu vyangu. Walianza na kichwa changu kwa kuwa mimi ndiye mfiwa, na ule wembe ulikuwa baridi kama kitu kilichotoka kisimani.

Jioni ile vijana walimtolea vyombo nje. Sufuria mbili, mkeka, jembe. Alipita mbele ya mlango wangu akiwa na mzigo kichwani, akasema "bakini salama", akaenda. Nasikia alilala Malava siku mbili kwa mtu wa kanisa, kisha akaendelea mpaka Matete, na yuko huko mpaka leo, anauza mrenda na mboga nyingine sokoni.

Utaniuliza niliogopa nini. Niliogopa kazi. Niliogopa kufungwa. Niliogopa wale wazee kuvaa tena kofia zao wakiniona. Lakini zaidi niliogopa wewe, kwamba utanitazama kama mama yako alivyonitazama pale kwa daktari.

Kama ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa kawaida tu. Kuna siku nyingine, na hii ndiyo inayonifanya niandike.

Ilikuwa mwaka mmoja baadaye. Shule zilikuwa zimefungwa, na ulikuja kuniletea chakula cha mchana, sufuria imefungwa kwa kitambaa. Akaingia mama mmoja wa Mumias, amevaa buibui, amembeba mtoto wa miaka miwili hivi.

"Asalaam aleikum, Bwana Picha. Nisaidie. Huyu amemeza pini ya nepi, na ilikuwa wazi."

Mama mwenyewe alikuwa akitetemeka mwili mzima, asingeweza kumshika. Nesi hakuwepo. Wewe ukaweka sufuria chini. Niliposikia ile sauti ya sufuria kutua sakafuni, niliisikia ndoo ya mama yako.

"Nitamshika mimi, Baba. Mama alikuwanga anashika hivi."

Nilikuvalisha ile aproni. Ilikufika miguuni, ukacheka. Mtoto akaiona, akapiga kelele, akajipinda. Nikakuvua. Nasema tena ili nisijifiche nyuma ya haraka ya kalamu: nilikuwa najua kilichomuua mama yako, na nilikuvua aproni kwa mikono yangu. Nikaenda nyuma ya ukuta. Nikahesabu. Ulikuwa ukimnong'oneza yule mtoto maneno yale yale. Picha ya kwanza ikatoka na ukungu. Nikapiga ya pili.

Pini ilionekana, nyeupe, mdomo wazi, chini ya mbavu. Mtoto akapelekwa kwa wapasuaji na akapona. Mama yake alirudi wiki mbili baadaye na maembe, akakushika kichwa, akasema, "Mashallah, binti yako ana moyo." Wewe uliinua ile filamu dirishani ukaitazama mpaka chakula kikapoa. Ukaniuliza, mwanga usioonekana unawezaje kuona? Sikuwa na jibu la kukutosha, na tangu hapo umekuwa ukilitafuta. Ulisoma sekondari ya Mukumu ukilitafuta, umepata nafasi ng'ambo kwa kulitafuta, na katika ile barua yako ya maombi, ile uliyonipa niisome kwa fahari, uliandika kwamba siku nzuri kuliko zote maishani mwako ni siku ile ya pini. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nilikurudishia nikasema umeandika Kiingereza kizuri.

Kesho yake baada ya siku hiyo ya pini niliitoa beji kwenye msumari nikaivaa. Barua ilikuja kali, wakaja wakaguzi, wakafunga chumba. Wakatengeneza ukuta, wakabadilisha mashine, na baada ya miezi minne tukafungua. Jambo nililomtoa mke wangu sadaka ili lisitokee lilichukua miezi minne, na watu walilalamika kidogo wakasahau. Hapo ndipo ningeweza kumwendea Dorika. Sikwenda. Uongo ukishazoea kukaa nyumbani unapewa kiti.

Kila Krismasi alituma kuku kwa makondakta wa njia ya Webuye, amefungwa miguu, na ujumbe: ingokho ya mtoto wa kaka yangu. Mara ya kwanza ulipojua anatoka kwa nani ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulikataa kabisa. "Mimi sikuli kuku ya mlozi," ulisema, na ukaenda kulala bila kula, na nikampa mlinzi wa hospitali yule kuku. Miaka yote iliyofuata mlinzi alikula vizuri Krismasi. Hakuna mwaka niliokosa kusikia jina lile ulilompa, na hakuna mwaka niliokurekebisha. Sikulaumu hata kidogo. Mimi ndiye niliyekupa neno lile ulitumie.

Sasa rudi kwenye boga lako. Uliniambia wasomi walibishana miaka mingi kabla ya kukubali kwamba pale kando ya nyota ile kuna shimo jeusi. Walipima inavyoyumba, wakapiga hesabu, wakarudia, wengine wakakataa, wakapima tena. Nikawaza, hawa watu wana adabu kuliko sisi. Waliona kitu kikubwa kinaliwa na kisichoonekana, wakasubiri kukitaja. Sisi tuliona mwanamke anayumba, tukakaa alasiri moja, tukataja mtu.

Sitakuambia kwamba mimi ndimi lile shimo jeusi. Ingekuwa kujipendelea. Shimo halina macho, halijui linachokula. Mimi nilikuwa na macho, nilikuwa na barua kutoka Nairobi, nilikuwa na ukuta wa kusimama nyuma yake.

Nakuomba mambo mawili tu. Huko unakokwenda, kabla hujafungua kitabu cha kwanza, tafuta daktari umwombe akupime damu, na umwombe akupime tena kila mwaka. Mwambie yote: kazi ya mama yako, kifo chake, na zile picha mbili ulizopigwa ukiwa na miaka kumi na mitatu. Pengine atacheka na kusema mara mbili si kitu. Naomba kwa Mungu acheke. Lakini nimeishi miaka saba nikitazama mikono yako kila unapokunja mikono ya shati kuosha vyombo, nikitafuta alama za buluu, na siwezi kukutazama kutoka hapa. Akikuuliza ulikuwa ukifanya nini katika chumba kile, usimjibu kama nilivyojibu mimi.

Na wakikupa beji, ivae wewe mwenyewe.

Hicho kigumu ndani ya bahasha ni ule msumari. Jana nilikwenda kuwaaga watu wa chumba cha picha, maana kwa vidole hivi sirudi tena. Mlango ni ule ule wa zamani, na kijana aliyechukua nafasi yangu alikuwa amekitundika kikombe chake cha chai pale. Nikamwomba koleo. Aliniona mzee aliyechanganyikiwa, lakini alinisaidia kuung'oa. Usiutupe. Uweke mahali utakapouona kila ukijiona mwerevu.

Jumamosi ijayo Mzee Lihanda amewaita watu wa ukoo, nimemwomba. Alitaka kujua ni kwa jambo gani, nikamwambia ni lile swali lake la mara ya tatu, nimechelewa kulijibu. Akasema, "Basi uje na moyo mbili, moja itavunjika." Najua kitakachofuata. Watakaonivulia kofia hawatakuwepo, na ndugu wa mama yako wana haki ya kusema chochote. Nimejiandaa kadiri mtu anavyoweza kujiandaa.

Lakini yuko mmoja wa kuambiwa kabla yao. Tiketi yako inasema basi la Nairobi linatoka Kakamega saa kumi na mbili jioni. Basi hilo hilo linasimama Webuye saa moja na kitu kupakia watu, nimeshazungumza na karani, utapandia popote. Mimi ninaondoka hapa asubuhi kwenda Matete. Nilimtumia Dorika ujumbe kwa kondakta yule yule wa kuku: nakuja Jumatatu, huenda siko peke yangu. Kondakta alirudi na jibu la neno moja. Amesema, "Nitachinja." Hajui ninachokwenda kumwambia. Atapika kwanza, ndipo atasikia.

Ukitaka kubaki na binamu zako mpaka jioni, baki. Watakusindikiza vizuri, na mimi nitakungojea Webuye nikupungie mkono, na sitakuuliza kitu, wala sasa wala katika barua yoyote. Una haki ya kutonitazama. Niliikimbia haki hiyo miaka minane, ni yako, itumie utakavyo.

Nitakaa kwenye benchi la nje mpaka jua litokeze juu ya msitu. Nimeshavaa koti. Ukitoka, sanduku nitalibeba mimi kwa mkono wa kushoto, ambao bado una nguvu.

Na kama utakuja, mwanangu, akikuwekea ingokho na obusuma, ugali wa kwetu, mbele yako, nawa mikono ule.

Baba yako